Injini Itakayokaa

Vingunguti, Dar es Salaam
27 Machi 2024

Mama Eliza,

Nimefika salama. Barua hii nampa kondakta wa basi la Ifakara, yeye atamwachia fundi Nazari pale gereji, na Nazari atatafuta mtu wa kuja Mofu. Nilitaka kukupigia, nikakumbuka mnara wa huko umezimika tangu mvua zianze, nikabaki nimeishika simu kama mtu aliyeshika kiatu kimoja. Basi tuandikiane kama zamani, nilipokuwa naendesha malori ya Mlimba na wewe bado uko kwenu Kiberege.

Nimefikia kwa dada Leticia. Anakusalimu sana, wewe na Eliza.

Leo nimeingia mtaa wa Gerezani, huku wanakouza injini za mtumba. Sijawahi kuona kitu kama kile. Zimepangwa chini kwa safu, nyingine zimelala ubavu, nyingine zinaning'inia kwenye minyororo, zote zimepakwa oili zinang'aa kama viboko waliotoka mtoni sasa hivi. Kila moja ilikuwa ya gari fulani, na kuna dereva aliyeijua sauti yake. Sasa zimenyamaza. Nilipita katikati yake taratibu, nikajikuta naongea kwa kunong'ona.

Natafuta injini ya aina ya 3L, ya dizeli, ya Hailaksi kama yetu ya difu mbili. Nazari kaniambia nisisikilize maneno ya muuzaji, nisome herufi zilizochongwa ubavuni.

Nikifumba macho nayaona yale maji. Namwona Nyamizi ameshikilia dashibodi, uchungu umembana, na mumewe Shilinde kasimama nyuma kwenye bodi anapiga paa nisisimame. Halafu injini inakunywa maji. Mlio mmoja tu, kama gogo limevunjika, basi. Baadaye nasikia ng'ombe wake wakituvuta kutoka kwenye tope, na ndani ya gari langu mtoto analia kwa mara ya kwanza. Mpaka leo sijui nifurahi au nikasirike. Edna wa zahanati aliniuliza siku naondoka, sasa mgonjwa akizidiwa atamweka kwenye nini. Ndiyo maana niko huku.

Jambo moja. Shilinde akija kutoa msaada, mshukuru, usipokee. Ng'ombe wao walikula mpunga wetu ukiwa umeshainama, na mimi nilisema mbele ya baraza la kijiji kwamba mguu wangu hautakanyaga boma lao. Kumbeba mgonjwa ni jambo jingine.

Wako,
Yoramu


Mofu
4 Aprili 2024

Baba Eliza,

Barua imefika imelowa pembeni, lakini maneno yote yapo. Nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, ya pili nikamsomea Eliza, akataka nirudie pale pa viboko.

Hapa mvua haijapumzika. Asubuhi ukitoka nje huoni bonde, unaona kioo. Milima ya Udzungwa imesimama mara mbili, juu na chini, na yangeyange wakiruka wanaruka mara mbili. Jana kulikuwa na sheshe mmoja, yule swala wa bondeni, amesimama juu ya kichuguu, maji yamemzunguka pande zote, ametulia anatutazama kama vile sisi ndio tumepotea. Eliza aliniuliza kama mto umekuja kututembelea. Nikamwambia ndiyo, umekuja kusalimia, utaondoka.

Ile injini mbovu ulivyoiacha uani juu ya magogo iko vilevile. Kuku wawili wameanza kutagia pale juu, kwenye majani makavu. Nimewaacha. Ni vizuri kitu kile kiwe na kazi.

Gari lenyewe, tangu livutwe huko bila injini, Nazari anasema liko salama gerejini Ifakara, kalifunika turubai, boneti wazi kama mdomo wa mtu anayesubiri dawa.

Maji yamefika kwenye uzio wa matete. Nyumba iko sawa. Wewe usiwe na haraka ukaja na kitu kisicho chenyewe. Tafuta kilicho chenyewe.

Edna anakusalimu. Watu wanaulizia gari kila siku, hata wasio na safari.

Mkeo,
Bernadetha


Vingunguti
11 Aprili 2024

Mama Eliza,

Nimeipata!

Ilikuwa nyuma kabisa ya banda, imefunikwa gunia. Nikapangusa ubavuni kwa shati langu, herufi zikatokea, 3L, wazi kabisa. Nikamwambia muuzaji nataka kuisikia. Wakaifunga juu ya tairi kuukuu, wakaunganisha betri na kidumu cha dizeli, wakapiga stata. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe kidogo, halafu ikatulia na kuanza kuongea. Mama Eliza, ni sauti ileile. Sauti ya asubuhi ukiwa unapanga magunia nyuma na mimi napasha moto gari. Watu wote pale walikuwa na shughuli zao, mimi nimesimama katikati ya jiji naona Mofu. Nimeona hata moshi wa jikoni kwako.

Sasa natafuta lori linalorudi Ifakara baada ya kushusha mchele. Siku si nyingi nitakuwa njiani.

Nakuomba uniambie habari za maji. Hapa redioni wanataja Kilombero kila taarifa ya habari, lakini hawataji Mofu.

Yoramu


Mofu
16 Aprili 2024

Baba Eliza,

Nimefurahi mpaka nimekaa chini. Nilimweleza Eliza kwamba injini imeongea, akauliza ilisema nini.

Sisi hatujambo. Usisikilize redio, wanapenda kutisha watu. Chakula kipo, maziwa tunapata asubuhi na jioni, Eliza amenenepa mashavu. Amejifunza kuita ndama kwa majina, na ndama wanakuja. Alfajiri naamka kwa njuga za ng'ombe. Mwanzo sikuzielewa, nilidhani ni mvua imebadilisha sauti. Kunakuwa na ukungu, na ng'ombe wanatoka kwenye ukungu mmoja mmoja, kwanza pembe, halafu uso, halafu ng'ombe mzima, kama vile anaumbwa pale mbele yako. Huwa nasimama tu natazama mpaka chai inapoa.

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Nadhani ni kwa sababu nikikaa kimya nakuwaza sana.

Ukipata lori njoo polepole.

Bernadetha


Vingunguti
24 Aprili 2024

Mama Eliza,

Nilikuwa nimekuandikia barua nyingine ya kusema lori limechelewa. Nimeichana. Ukweli ni huu.

Tulikuwa tunapakia injini kwenye lori. Mtu mmoja aliyekuwa anakaza kamba kwenye lori la jirani akaja, akaiinamia, akaitazama kwa chini.

"Hii imetoka kwenye Haisi," akasema.

Nikamwonyesha herufi.

"Herufi ni hizohizo," akasema. "Moyo ni uleule. Tumbo ndilo si lake."

Akanieleza bila haraka. Chini ya injini kuna lile bakuli linaloshika oili. Haisi, kile kibasi, haina difu ya mbele, yaani gia za kuzungusha magurudumu ya mbele, kwa hiyo bakuli lake limetumbukia kwa mbele. Hailaksi yetu mbele pana difu, kwa hiyo bakuli lake limetumbukia kwa nyuma, ili difu ipate pa kukaa. Hii ukiishusha kwenye gari letu itaishia hewani, haitakaa kamwe.

Nilirudi kwa muuzaji. Banda limefungwa, majirani wanasema amesafiri. Tangu siku ile nazunguka kutafuta bakuli tu. Yote niliyoyaona ni ya Haisi, au yametoboka. Nimeshika mabakuli mengi kuliko mama ntilie. Jioni nakaa kwa Leticia nautazama ukuta. Nilikuambia nimeipata, ukakaa chini kwa furaha, na mimi nilikuwa nimekununulia injini ya gari la mtu mwingine.

Bado kuna njia. Injini yetu ya zamani ilipasuka ubavuni, lakini bakuli lake halikuguswa. Mwite mtu mwenye spana alifungue, pamoja na lile bomba fupi la ndani lenye chujio, alipeleke kwa Nazari. Viwili hivyo vikihamia kwenye hii, itakaa. Asikunje kingo.

Halafu kuna haya maziwa. Tangu lini sisi tunapata maziwa asubuhi na jioni? Na njuga za nani hizo unazozisikia alfajiri? Shilinde anakuja kwangu na kibuyu kila siku wakati mimi sipo? Nilikuomba jambo moja tu, Mama Eliza. Watu wana macho na wana midomo.

Yoramu


Mofu
1 Mei 2024

Baba Eliza,

Bakuli ni hili, na bomba lenye chujio limo ndani. Nati nimezifunga kwenye kipande cha kanga. Kingo hazijakunjwa.

Injini uliyonunua ni njema, nimeshaipenda bila kuiona. Usijiseme vibaya.

Mambo ya maziwa tutaongea ukija.

Bernadetha


Ifakara, gerejini kwa Nazari
8 Mei 2024

Mke wangu,

Nimefika Ifakara na injini. Lori lilitembea kama maiti inapelekwa, barabara imeliwa pande zote, lakini tumefika. Nilitaka kupanda mtumbwi nije huko moja kwa moja, Nazari akanishika mkono, akasema injini ikiwa nusu imefunguliwa haiachwi, na kwamba kijijini watu wanasubiri gari zaidi ya wanavyonisubiri mimi. Kwa hiyo niko hapa, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Njia ya Mofu kwa gari bado imekatika.

Leo nimefungua mzigo wako.

Bakuli ni zima. Lakini ndani yake kulikuwa na tope, lile tope laini la mto, laini kama unga wa sembe. Kwenye chujio kulikuwa na konokono wadogo wadogo, na kambare mchanga, mwembamba kama uzi, amekauka. Nazari alikuwa anacheka, akaniona usoni, akaacha kucheka.

Injini ile niliiacha uani juu ya magogo. Uani kwetu mto haujawahi kufika, hata wakati wa baba yangu. Nimekaa na barua yako ya mwezi uliopita nikaisoma tena mstari kwa mstari. Unaniambia habari za ukungu na ng'ombe. Huniambii habari za mlango wetu, wala jiko, wala kuku wale wawili.

Nilikuandikia maneno mabaya kuhusu maziwa. Niliyaandika nikiwa nimeshindwa kazi, nikakutupia wewe.

Mama Eliza, nyumba iko wapi?

Yoramu


Mofu
11 Mei 2024

Baba Eliza,

Nyumba haipo.

Ilianguka wiki ile ile uliyoniandikia kwamba umepata injini. Ukuta wa upande wa jiko ulilainika kwanza, ukakaa chini taratibu kama mtu mzima anayechoka, halafu paa likalala juu yake. Sikutaka usome hayo ukiwa peke yako Dar. Nilijua ungeacha injini ukaja, na ukija bila injini tungekuwa na nini? Kweli nilikuandikia kwamba nyumba iko sawa. Siku naandika hivyo ilikuwa bado iko sawa. Baadaye nikanyamaza.

Siku ya maji mimi na Eliza tulikuwa juu ya kitanda, na kitanda juu ya meza. Nikasikia mtu anaita nje. Ni Shilinde, kwenye mtumbwi wa kuazima. Yule mtu ni wa ng'ombe, maji anayaogopa kuliko simba. Alikuwa anausukuma mtumbwi vibaya, unazunguka, na nyuma amekaa Nyamizi anamwelekeza. Hakuja na kibuyu, baba Eliza. Alikuja kutuchukua. Alisema, "Mama, ingieni, kuku nitawarudia." Na kweli aliwarudia. Baraza hakulitaja, wala mpunga, siku ile wala siku nyingine.

Tangu hapo tunakaa bomani kwao, kule juu kwenye migunga. Nyamizi ametupa nyumba yake, yeye amehamia kwa mama mkwe wake. Maziwa ni ya hapo. Njuga ni za hapo. Kichanga chao cha kike kinaitwa Kabula, kwao ni jina la mvua. Eliza ndiye anayembeba mchana kutwa.

Barua yako ya bakuli ilipofika, mwenye spana hakuwepo, na maji uani kwetu yalikuwa bado yananifika kifuani. Tulikwenda watatu. Shilinde alisimama kwenye mtumbwi anapiga maji kwa fimbo kufukuza mamba, anapiga na kunung'unika. Nyamizi alishika pindo la kanga yangu. Mimi nikazama.

Chini hakuonekani kitu, maji ni ya rangi ya chai ya maziwa. Nati nilizitafuta kwa vidole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesuka nywele gizani. Sikuwahi kuigusa injini yetu hivyo. Ni kubwa kuliko nilivyodhani, na ina mabonde na vilima. Kulikuwa na ukimya mzuri kule chini, baba Eliza, mpaka nikawa nachelewa kupanda. Samaki walikuwa wananigusa miguu. Nilifikiri, hii ndiyo iliyokuwa inanguruma alfajiri, na mimi sasa nimeikumbatia.

Nati za upande wa mbali zilikataa. Mikono iliishiwa nguvu, nikapanda nikishika mtumbwi. Nyamizi akanitazama, akafunga kitenge chake kiunoni. Haogelei, tena hajapona vizuri tangu azae.

"Dada, nipe hiyo spana," akasema. "Na mimi nililala ndani ya gari lile."

Nikamwambia hapana. Alikuwa ameshashuka. Nikamshika kiuno, akazama, akatoka, akazama. Mumewe juu anapiga maji kama kichaa. Tulipolitoa lile bakuli tuliliweka katikati yetu kwenye mtumbwi mpaka tukafika nchi kavu. Nililiosha nje kwa maji safi. Ndani nilidhani nimeosha.

Ninajua ulichosema barazani. Nami nimekula kwao, nimelala kwao, na mwanao anamwita mama mkwe wa Nyamizi bibi. Sitakuomba msamaha kwa hilo. Ukija na gari usipite njia ya nyumbani, hakuna pa kufika. Fuata njia ya ng'ombe kutoka zahanati mpaka kwenye migunga.

Kama hutaki kuingia, piga honi, nitatoka.

Bernadetha


Ifakara
14 Mei 2024

Bernadetha,

Imekaa.

Tuliishusha kwa mnyororo, mimi nimelala chini naangalia, ikapita kwenye difu bila kugusa, ikatua kwenye vishikio vyake kama iliyozaliwa humo. Nazari akapiga stata. Sikuingia ndani ya gari. Niliweka kiganja juu ya boneti nikafumba macho, na safari hii sikuona maji.

Barua yako ilifika kabla ya hapo. Niliisomea nyuma kwenye bodi, miguu inaning'inia. Nilipofika pale ulipozama, nilisimama nikatembea mpaka barabarani nikarudi. Nimeyasema mengi kwa sauti juu ya wale watu, na wao hawakujibu hata moja. Nyumba tutajenga, tena tutajenga juu. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba huyu Shilinde nilimpa mgongo hata baada ya ng'ombe wake kunitoa kwenye tope. Nilifunga mlango wa gari nikaondoka kwa miguu, mtoto wake analia ndani.

Njia imefunguka jana. Tela moja la trekta limepita, gari litapita. Edna amenitumia ujumbe kwa bodaboda kwamba kuna mama mmoja wa kuleta hospitali huku Ifakara wiki ijayo, nikamjibu nitakuwepo.

Sitapiga honi. Nitazima gari nje ya boma, nitashuka, nitaingia kwa miguu.

Ila kuna kitu kimoja. Miaka yote hii tumekaa nao bonde moja, na mimi sijui wanasalimiana vipi. Shikamoo wataitikia, najua, lakini mzee wa boma nataka nimsalimu kwa maneno ya kwake, na Shilinde pia, kabla sijasema lolote jingine. Niandikie hayo maneno, mpe huyuhuyu kijana wa bodaboda. Yaandike makubwa, nijifunze njiani.

Yoramu


Mofu, bomani
15 Mei 2024

Yoramu,

Asubuhi wanasema mwangaluka. Mchana ukishapinduka wanasema mwadila. Usiseme haraka, na usiondoke hapo kabla hawajaitikia.

Njoo asubuhi, ng'ombe wakiwa hawajatoka, watakuwepo wote.

Bernadetha